Kuyeyusha ili Kuunganisha: Historia ya Viungo vya Plastiki, Tangu Seluloidi hadi Mabomba ya Maji

Kuunganisha vipande viwili vya plastiki kwa kiyeyushi, yaani kwa kimiminika chenye uwezo wa kulainisha na kuyeyusha plastiki yenyewe, ni ufundi unaokaribia kulingana kwa umri na plastiki za kwanza zilizotengenezwa viwandani, ingawa waandishi wa historia ya viwanda wameupa nafasi finyu katika vitabu vyao. Fundi hupaka kimiminika hicho kwenye nyuso mbili, huzikutanisha zingali laini, kisha husubiri kimiminika kipotelee hewani. Kinachobaki ni plastiki tupu, bila tabaka la kitu kingine katikati. Kwa sababu hiyo kiungo cha namna hii hakifanani na kile cha gundi ya mbao wala cha lehemu ya mabati, ambavyo hutegemea kitu cha tatu kushika pande mbili, na nguvu yake haiwezi kuelezwa kwa kupima ubora wa kile kilichopakwa. Mafundi wa vitana, wa filamu na wa mabomba walilifahamu jambo hili kwa mikono yao muda mrefu kabla wanasayansi hawajaweza kusema kwa nini plastiki mbili zilizolowanishwa hugeuka kuwa moja, na historia ya ufundi huu kwa kiasi kikubwa ni historia ya elimu ya karakana iliyoitangulia elimu ya maabara.

Chimbuko lake linaigusa pwani ya Afrika Mashariki, ingawa kwa njia ya mzunguko. Baada ya Sayyid Said kufunga mkataba wa biashara na Marekani mwaka 1833, na konseli wa Marekani kuanza kazi Unguja mwaka 1837, wafanyabiashara wa Salem, katika jimbo la Massachusetts, walinunua Unguja bidhaa mbili ambazo zote zinahusika na habari hii. Ya kwanza ilikuwa sandarusi, utomvu wa miti uliogandishwa na miaka mingi ardhini, ambao watengenezaji wa vanishi waliuyeyusha kwa moto, mafuta na tapentaini, na hivyo kujizoeza sana kazi ya kuchagua kimiminika kinachokubaliana na utomvu fulani na kukataa mwingine. Ya pili ilikuwa pembe za ndovu, zilizopelekwa kwa wingi katika viwanda vya Connecticut, hasa vya Deep River na Ivoryton, na kukatwa vitana na vibao vya piano, huku nyingine zikichongwa mipira ya biliadi. Bei ya pembe ilipopanda, kampuni ya Phelan na Collender ya New York ilitangaza zawadi ya dola 10,000 kwa mtu ambaye angevumbua kitu cha kushika mahali pake katika mchezo huo.

Dutu ambayo ingejibu haja hiyo ilikuwa imekwisha kupatikana, lakini katika sura nyingine. Mwaka 1846 mkemia Christian Friedrich Schönbein wa Basel alitangaza kwamba pamba iliyochovywa katika mchanganyiko wa asidi ya nitriki na asidi ya salfuriki hugeuka kuwa kitu kinacholipuka, na muda si mrefu ikabainika kwamba dutu hiyo, nitrati ya selulosi, huyeyuka katika mchanganyiko wa etha na alkoholi na kutoa ute mzito uliopewa jina la kolodioni. Ute huo ukipakwa juu ya jeraha hukauka na kuacha utando mwembamba usiopitisha maji, na waganga waliutumia hivyo. Frederick Scott Archer wa London naye aliutumia kuanzia mwaka 1851 kushikiza kemikali za picha juu ya vioo. Alexander Parkes wa Birmingham alionyesha vitu vilivyofinyangwa kwa nitrati ya selulosi katika Maonyesho ya Kimataifa ya London mwaka 1862, lakini kampuni yake ikafilisika mwaka 1868. Aliyefanikiwa ni John Wesley Hyatt wa Albany, New York, ambaye mwaka 1870, pamoja na ndugu yake Isaiah, alipata hataza ya kuchanganya nitrati ya selulosi na kafuri chini ya joto na mgandamizo. Kafuri hiyo, ileile inayofahamika pwani kwa kutayarishia maiti, ilifanya kazi ya kiyeyushi kigumu, kwa maana kwamba ilijipenyeza kati ya molekuli za selulosi na kuzilegeza bila kuhitaji kukaushwa. Seluloidi, kama ndugu hao walivyoiita, kwa hiyo ilikuwa imeyeyushwa tangu kuzaliwa kwake, na fundi aliyetaka kuunganisha vipande vyake alichohitaji ni kuirudisha kwa muda katika hali ambayo ilikuwa imepitia kiwandani.

Katika miji ya vitana, mashuhuri zaidi ukiwa Leominster, Massachusetts, ambako pembe za ng'ombe zilichongwa tangu karne ya 18, mafundi walijifunza upesi kwamba tone la asetoni, au la asetati ya amili yenye harufu ya ndizi mbivu, lilitosha kushikamanisha ua la mapambo na mgongo wa kitana, au nusu mbili za mwanasesere. Jambo la ajabu kwa mtu aliyezoea gundi ya kwato lilikuwa kwamba kuongeza kimiminika hakukuongeza nguvu. Tone lililozidi liliacha doa, lilikunjisha ukingo uliokuwa mwembamba, na lilifungiwa ndani ya seluloidi likakaa humo siku nyingi, likikiacha kiungo kikiwa laini wakati sehemu nyingine zote zilikwisha kukauka. Fundi mzuri alitambulikana kwa uchache wa alichopaka na kwa urefu wa subira yake.

Mfano ulio wazi kuliko yote wa matakwa haya ni mpira mdogo wa mpira wa meza, ambao ulianza kutengenezwa kwa seluloidi mwanzoni mwa karne ya 20. Bati jembamba la seluloidi lilikatwa viduara, viduara vikalainishwa na kukandamizwa kuwa nusu tufe, na nusu mbili zikaunganishwa kwa kiyeyushi, kisha mpira ukaachwa ukauke na kukaza kabla ya kusuguliwa. Mshono huo ulipaswa kuwa na nguvu bila kuwa mzito, kwa kuwa mpira wote una uzito wa gramu 2.7 tu, na kanuni za Shirikisho la Kimataifa la mchezo huo zinataka mpira ukiangushwa toka kimo cha sentimita 30.5 juu ya bamba la chuma urudi juu kati ya sentimita 24 na 26. Mshono mlaini mno huutia mpira uvivu upande mmoja, na ule uliokakamaa humfanya mchezaji asikie sauti tofauti kila unapogonga hapo. Kuanzia mwaka 2014 shirikisho lilihamia mipira isiyo ya seluloidi, na miongoni mwa mipira mipya ikajitokeza isiyo na mshono kabisa. Wachezaji wengi walilalamika, jambo linaloonyesha jinsi mshono wa zamani ulivyokuwa umefikia ukamilifu.

Hata hivyo, ni katika sinema ambapo kiungo cha kiyeyushi kilipata mtihani wake mkali zaidi. Kampuni ya George Eastman ilianza kuuza filamu ya nitrati ya selulosi mwaka 1889, na baada ya miaka michache kila mkanda wa sinema ulikuwa ni vipande vingi vilivyounganishwa, kwa sababu kuhariri picha ni kukata na kuunga. Kiungo cha filamu kilihitaji kupita katika meno ya projekta mara nyingi, kikivutwa, kikisimamishwa na kuanzishwa tena mara 24 kila sekunde, na kujipinda juu ya magurudumu madogo bila kukatika wala kukwama. Mwungaji alikata ncha mbili, kisha alichukua wembe na kukwangua ukanda mwembamba wa tabaka la jelatini lililobeba picha, maana jelatini haiyeyuki katika asetoni na ikiachwa hapo hukinga plastiki isifikiwe; alikwangua mpaka plastiki ikaonekana tupu, lakini si zaidi ya hapo, kwani wembe ukizama hupunguza unene wa filamu na kuweka mahali pa kukatikia. Ndipo alipopitisha brashi ya kiyeyushi mara moja, akalaza ncha moja juu ya nyingine, akabana na kuhesabu. Kasoro nyingi za viungo hivyo zilitokana na mkwanguo, wala si na kimiminika, na walimu wa kazi hiyo walisisitiza wembe kuliko chupa.

Nitrati ya selulosi ilikuwa hatari kwa moto, na filamu ya milimita 16 iliyoletwa na Kodak mwaka 1923 kwa ajili ya shule na majumbani ilitengenezwa kwa asetati ya selulosi, ambayo haishiki moto upesi na ambayo nayo hukubali kiyeyushi. Ni filamu ya upana huo iliyotumiwa na mradi wa Bantu Educational Kinema Experiment, ulioendeshwa Vugiri katika milima ya Usambara, Tanganyika, kati ya mwaka 1935 na 1937 chini ya Meja L. A. Notcutt, na ambao picha zake zilizungushwa Tanganyika, Kenya, Uganda na nchi za kusini yake kwa gari la sinema. Kwa kuwa sauti za picha hizo, za Kiswahili na lugha nyinginezo, zilirekodiwa katika sahani za santuri na si katika filamu yenyewe, mfumo huo ulikuwa na udhaifu uliojulikana tangu siku za mwanzo za sinema ya sauti: mkanda ukikatika na kuungwa tena, fremu zilizopotea katika kuunga huifanya picha iitangulie sauti. Hapo nguvu ya kiungo ilikuwa na uzito wa kipekee, kwani kiungo kilichoachia hakikusimamisha onyesho tu, bali kiliharibu maelewano ya maneno na matendo kwa sehemu yote iliyosalia. Filamu za poliesta zilipoingia sokoni kuanzia katikati ya miaka ya 1950, chupa ya mwungaji haikuwa na kazi tena juu yake, kwa sababu poliesta haiyeyuki katika asetoni wala katika viyeyushi vingine vya kawaida vya chumba cha uhariri. Ikabidi iungwe kwa utepe wa kunata au kwa mitetemo ya sauti isiyosikika na sikio.

Kwa nini plastiki moja ikubali na nyingine ikatae ni swali ambalo jibu lake lilikuja kwa mafungu. Mwaka 1920 Hermann Staudinger wa Zürich alidai kwamba dutu kama selulosi na mpira ni molekuli ndefu mno, zilizotungwa kwa vipande vidogo vinavyojirudia maelfu ya mara, dai ambalo wenzake wengi walilipinga na ambalo lilimletea Tuzo ya Nobel mwaka 1953. Molekuli hizo, ziitwazo polima, zimesukana zenyewe kwa zenyewe, na ugumu wa plastiki hutokana na kusukana huko. Kila plastiki ya aina hii ina halijoto yake maalumu, ambayo chini yake minyororo ya molekuli hukaa imeganda mahali pake, na juu yake huanza kujongea. Kwa PVC ngumu ni nyuzi 80 hivi za Selsiasi, na kwa akriliki ni zaidi kidogo ya 100. Kiyeyushi kinachoendana na polima huingia kati ya minyororo na kuishusha halijoto hiyo mpaka chini ya ile ya chumba, kwa hiyo minyororo ya juu ya uso hupata uhuru bila ya moto. Nyuso mbili zikikutana katika hali hiyo, minyororo ya upande mmoja huvuka na kusukana na ya upande wa pili. Kiyeyushi kikiondoka, halijoto ile hupanda tena na minyororo huganda huko ilikofika.

Katika miaka ya 1950 na 1960 S. S. Voyutskii wa Muungano wa Kisovieti alishikilia kwamba kuvuka huku ndiko kiini cha kushikamana kwa polima, na mwaka 1971 Mfaransa Pierre-Gilles de Gennes alieleza namna mnyororo mmoja unavyojipenyeza katikati ya minyororo mingine: hauwezi kwenda kando kwa kuwa umezingirwa, bali husonga kwa urefu wake, kwa mwendo wa nyoka katika majani marefu. Wanafizikia waliofuata, Richard Wool akiwa mmoja wao, walipiga hesabu kutoka hapo na kuonyesha kwamba nguvu ya kiungo hukua kadiri ya kipeo cha robo cha muda, ambapo kwa lugha nyepesi ni kusema kwamba ili nguvu iongezeke mara mbili, muda hauna budi kuongezeka mara 16. Fundi wa Leominster hakuijua hesabu hii, lakini desturi yake ya kuacha kazi ikae siku kadhaa kabla ya kuisugua inalingana nayo.

Si kila kilichopakwa kiyeyushi hunufaika. Akriliki, iliyouzwa kuanzia miaka ya 1930 kwa majina ya Plexiglas nchini Ujerumani na Perspex nchini Uingereza, huunganishwa vizuri kwa dikloromethani, inayotiririka kama maji na inayonyonywa na mwanya kati ya mabamba mawili bila kuhitaji brashi. Lakini bamba lililokatwa kwa msumeno butu au kupindwa kwa nguvu hubaki na mkazo ndani yake, na kiyeyushi kinapoufikia ukingo wenye mkazo huo hutokea mtandao wa nyufa ndogo sana zinazong'aa kwenye mwanga. Bamba la jana lililokuwa kamilifu huweza kuvunjika leo kando ya kiungo, wakati kiungo chenyewe kimesimama imara. Dawa yake ni kulipasha bamba joto polepole, kwa kiasi cha nyuzi 80, na kuliacha lipoe taratibu kabla ya kuunganisha, hatua ambayo karakana zenye haraka huiruka na kisha kuilaumu chupa.

Matumizi yaliyoufanya ufundi huu uwe wa watu wengi ni mabomba ya PVC, yaani ya polivinili kloridi. Eugen Baumann aliielezea dutu hii mwaka 1872, na Fritz Klatte aliipatia hataza nchini Ujerumani kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, lakini ilikuwa ngumu na isiyotaka kuyeyuka, hata haikuwa na faida kubwa. Katika miaka ya 1930 viwanda vya IG Farben huko Bitterfeld vilianza kuisukuma kuwa mabomba, katika nchi iliyotaka kupunguza matumizi ya metali zilizonunuliwa nje, na baadhi ya mabomba hayo yalilazwa mjini Berlin kwa maji ya kunywa. Kemia ya Walter Reppe, iliyojengwa juu ya gesi ya asetilini, ilirahisisha kupatikana kwa tetrahidrofurani, kimiminika kinachoimeza PVC upesi kuliko asetoni, ambayo huilainisha tu. Humo, pamoja na sikloheksanoni inayokauka polepole, watengenezaji wakaongeza unga wa PVC yenyewe ili kimiminika kiwe kizito na kijaze mwanya kati ya bomba na soketi, na hiyo ndiyo inayouzwa katika maduka ya vifaa kwa jina la gundi ya bomba.

Ufundi wa kiungo hiki umejificha katika umbo la soketi. Mdomo wake ni mpana kidogo kuliko bomba, na ndani huendelea kuwa mwembamba, hivyo bomba kavu likisukumwa huingia kati ya theluthi moja na theluthi mbili ya kina, kisha hukwama. Gundi ikipakwa, uso hulainika na bomba hufika mwisho. Sehemu ya ndani yenye kubana huyeyukiana kabisa, wakati sehemu ya mdomoni hushikwa na gundi iliyojaza nafasi. Maelekezo ya Marekani huanza na praima, ambayo ni viyeyushi vitupu visivyo na unga, na ambayo hutiwa rangi ya zambarau ili mkaguzi aweze kuona kwa macho kwamba fundi hakuiruka. Fundi hulizungusha bomba robo ya mzunguko wakati wa kulisukuma na kulishikilia kwa muda wa nusu dakika, kwa kuwa umbo la soketi hulisukuma nje kabla gundi haijashika.

Kiwango cha Marekani kiitwacho ASTM D2564 kinadai kiungo kistahimili angalau megapaskali 1.7 baada ya saa 2, 3.4 baada ya saa 16, na 6.2 baada ya saa 72, megapaskali 1 ikiwa ni nguvu ya nyutoni 1 kwa kila milimita ya mraba. Takwimu hizi ni viwango vya chini na si vipimo, lakini zinafundisha. Kutoka saa 2 hadi 72 muda umeongezeka mara 36, ambapo kanuni ya robo peke yake ingetoa ongezeko la mara mbili na nusu hivi, na kiwango kinataka zaidi ya mara tatu na nusu. Huko kuzidi kunaelekea kutokana na kiyeyushi kinachoendelea kutoka na kuiacha plastiki ikaze. Tena, megapaskali 6.2 ni ndogo ikilinganishwa na PVC yenyewe, inayokatika kwenye 50 hivi, na msomaji anaweza kudhani kiungo ni dhaifu. Bomba lenye kipenyo cha milimita 60 likiingia milimita 38 katika soketi hukutana nalo kwa eneo la milimita za mraba 7,160 hivi, na kwa hiyo hushikwa kwa nguvu ya karibu nyutoni 44,000, uzito wa tani nne na nusu, ilhali ukuta wa bomba lenyewe wenye unene wa milimita 4 hukatika kwa nyutoni 35,000 hivi. Kiungo kilichofanywa vizuri hakikatiki, bomba hutangulia.

Afrika Mashariki ilipokea mabomba haya wakati wa miradi mikubwa ya maji, kama ule mpango wa miaka 20 wa maji vijijini uliozinduliwa na Tanzania mwaka 1971 kwa lengo la kumpatia kila mwanakijiji maji ndani ya mita 400. Bomba la plastiki lilibebeka begani, halikushika kutu, na halikuhitaji mashine ya kuchonga hesi kama bomba la chuma. Lakini joto lilileta shida ambayo maelekezo ya Ulaya hayakuitilia mkazo: bomba lililoanikwa juani huikausha gundi juu kabla bomba halijafika mwisho wa soketi, utando hujifanya, na nyuso mbili hukutana zikiwa zimekwisha kukauka. Pia imezoeleka fundi kukosa soketi akachoma ncha ya bomba juu ya moto mpaka ilegee, kisha akaingiza bomba jingine ndani yake. Mdomo uliopanuliwa hivyo hauna mbano wa ndani wala unene wake wa awali, na kwa maji taka yasiyo na msukumo hutosha, lakini kwa maji ya tangi lililo juu ya paa huvuja mapema.

Plastiki nyingine zimeendelea kukataa kiyeyushi. Polithini, iliyogunduliwa Uingereza mwaka 1933, na ndugu yake polipropilini, ambazo ndizo plastiki za ndoo na mabeseni, hazina kimiminika cha dukani kinachoziyeyusha katika joto la kawaida, ndiyo maana beseni lililopasuka huzibwa kwa chuma cha moto na si kwa gundi. Mabomba ya PPR, ya jamii ya polipropilini, ambayo sasa hulazwa ndani ya kuta za nyumba nyingi za mijini kwa maji safi, huunganishwa kwa pasi yenye nyuzi 260: bomba la milimita 20 hupashwa kwa sekunde 5 na la milimita 25 kwa sekunde 7, kisha huingizwa katika elbo au soketi moja kwa moja bila kuzungushwa. Minyororo huvuka mpaka kama ilivyovuka katika kitana cha seluloidi, isipokuwa joto ndilo linaloifungua na kupoa ndiko kunakoifunga, na hakuna kimiminika kinachosubiriwa kiondoke. Fundi bomba yuleyule akimaliza kazi hiyo jikoni huenda nje na kopo lake la gundi kwa ajili ya mabomba ya maji taka, ambayo bado ni ya PVC.